Zamu kwenye Benchi la Mama Goodhope

Verdiana, ambaye Kilosa nzima inamwita Mama Goodhope kwa jina la mwanawe wa kwanza, ana duka la steshenari karibu na soko: kompyuta moja ya mtumba, printa yenye hasira, na benchi la wateja. Ukimuuliza habari za kompyuta yake hakujibu kwa mkato. Anakusimulia, kana kwamba anakusengenyea majirani. Alisoma kompyuta Morogoro ujanani, na kilichomnasa hakikuwa michezo wala picha, bali mfumo endeshi, yule msimamizi asiyeonekana anayeamua nani afanye kazi sasa na nani angoje. Mumewe husema mke wake alimpenda msimamizi huyo kwanza, yeye akafuata.

Kuna jambo moja hakulisoma chuoni, alilelewa nalo. Bibi yake alikuwa mkali wa heshima; mtoto aliyempita mkubwa bila shikamoo hakuonja chai siku hiyo. Basi dukani kwake sheria ni moja, mkubwa kwanza. Haikuandikwa ukutani, na hakuna aliyewahi kuilalamikia, maana vijana wenyewe wakimwona mzee huinuka kabla hajafika mlangoni.

Siku ile wa kwanza kufika alikuwa Devota, binti wa Kilangali aliyekuja kwa bodaboda, vumbi limempaka nyusi. Alikuwa anaomba nafasi ya kusomea utabibu, na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa jioni hiyo hiyo. Kwao mtandao ulikuwa umemgomea wiki nzima. Akikosa leo, atakaa mwaka mzima akipalilia mpunga, na shangazi yake alishaanza kumtafutia mchumba.

"Usijali, mwanangu," Mama Goodhope akamwambia. "Hii ni kumsukuma mlevi tu."

Wakaanza. Jina, shule, namba ya mtihani. Wakiwa katikati akaingia Mzee Lupakisyo, mstaafu wa reli, na barua ya kamati ya maji ya kuchapwa. Devota mwenyewe akaruka kutoka kitini. "Shikamoo babu. Karibu, tangulia." Mama Goodhope akaacha maombi ya Devota wazi, akafungua barua. Barua haijaisha, akaja Bibi Domina, muuza vitenge sokoni, anataka asafishiwe picha za harusi ya mjukuu wake. Shikamoo, marahaba, tangulia bibi. Baada yake wakaja wengine, wote wakubwa, wote na "kazi ndogo tu". Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe kilikuwa kumbukumbu ya ile kompyuta ya mtumba. Mama Goodhope hakufunga kitu. Kila kazi aliiacha wazi nyuma ya nyingine.

Kufika mchana kompyuta ikawa inajikokota. Ukibofya, unaweza kwenda kununua kitumbua ukarudi ukaikuta bado inawaza. Mwishowe kishale cha kwenye skrini kikasimama kabisa.

"Imekufa?" Bibi Domina akauliza, akiziwazia picha zake.

"Haijafa, bibi, imechoka kutembea." Na hapo Mama Goodhope akasahau yote, maana ameulizwa anachokipenda. "Humu ndani kuna meza na kuna stoo. Meza ndiyo kumbukumbu. Ni ndogo, lakini kila kazi lazima ifanyiwe pale. Ikijaa, msimamizi anachukua karatasi za mmoja anazipeleka stoo, yaani kwenye diski, ili mwingine apate nafasi. Zikihitajika anazifuata tena, anaondoa za mwingine. Sasa kazi zikizidi, anashinda akibeba karatasi tu, hakuna inayoandikwa."

"Mimi nilidhani inafanya zote kwa pamoja," Mzee Lupakisyo akasema.

"Inampa huyu kidogo, inamwacha, inampa yule, kwa kasi ambayo jicho haliioni. Kila mmoja anadhani anahudumiwa peke yake."

"Kama mume wa wake wanne," akasema Bibi Domina, na benchi zima likaangua kicheko.

Mzee Lupakisyo hakuridhika. "Na huko wakubwa hawatangulii?"

"Wanatangulia, babu, zipo kazi zenye cheo. Ila wenye cheo wakija mfululizo, mdogo hafikiwi kamwe. Chuoni walituambia hiyo inaitwa njaa. Kwa hiyo msimamizi mwenye akili anamwongezea mdogo cheo kadiri anavyongoja. Kila akirukwa, anakua. Mwishowe anakuwa mkubwa kuliko..."

Hakumaliza. Macho yake yalikuwa yametua mwisho wa benchi. Devota alikuwa amejibana kwenye kipande cha ubao kisichomtosha hata kuku, mikono magotini, anaitazama saa ya ukutani na kutabasamu kwa adabu. Aibu ikamchoma Mama Goodhope mpaka masikioni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na yeye alikuwa akiieleza njaa hiyo kwa madaha, aliyenayo yuko pale pale anamsikiliza.

"Mwanangu, mbona hukusema?"

"Ningesemaje, mama? Wote ni wakubwa zangu."

Mama Goodhope akageukia kompyuta. Barua ya maji akaihifadhi, akaifunga. Picha za harusi na kazi za wengine wote, akafunga. Mzee Lupakisyo akataka kunung'unika, akamtazama yule binti, akavuta miguu kumpisha arudi kitini. Kishale kikaanza kutembea. Lakini ukurasa wa maombi, kwa kukaa mno bila kuguswa, ukawaambia waanze upya.

Devota akashika kichwa.

"Tunaanza," Mama Goodhope akasema. "Na sasa meza yote ni yako."

Walikuwa wamefika kwenye kuskani vyeti pale mlangoni aliposimama mzee mmoja mrefu, kanzu nyeupe na bakora mkononi. Mwili wa Devota ukainuka wenyewe. "Shikamoo ba..." Mkono wa Bibi Domina ukamshika bega, ukamrudisha kitini.

"Msalimie umekaa. Karibu benchi, mzee wangu. Huyu binti amezeekea hapa tangu asubuhi, wewe umezaliwa sasa hivi."

Mzee akaduwaa, kisha akacheka, akakaa.

"Bofya mwenyewe," Mama Goodhope akamwambia Devota. Kile kiduara kikazunguka. Kikazunguka tena. Jua lilikuwa limeshaegemea magharibi, na benchi zima lilikuwa limenyoosha shingo kuitazama skrini. Kisha maneno yakatokea: maombi yako yamepokelewa. Devota akapiga ukelele, Mama Goodhope akapiga kigelegele, na yule mzee aliyezaliwa sasa hivi akapiga makofi bila kujua kinachoshangiliwa.

Bibi Domina akainuka, akasimama mbele ya kiti, akakunja magoti kwa taabu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, bibi, hujambo?" Devota akaitika kabla hajafikiri, kisha akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Sijambo, mwanangu," akasema Bibi Domina, "ila goti hili la kushoto linanitesa."