Lami Juu ya Vigae vya Gwilym

Mvua imenyamaza kidogo, na kwa Blaenau, mji wetu wa machimbo huku Wales, hiyo ni bahati ya kukimbilia. Idwal Parry amelala kifudifudi juu ya ngazi ya paa, shavu likikaribia kugusa vigae vya mawe. Anagonga kigae kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anasogea.

Kigae kizima hulia kama kikombe cha udongo. Kilichopasuka ndani hakilii.

"Vizima!" anapaza sauti. "Vyote vya upande huu vizima, Bi Meinir. Kilichooza ni misumari."

"Nilijua mimi!" anajibu Meinir Lloyd, mwenye nyumba, miaka 79, mikono kiunoni. "Mume wangu hakuwa mtu wa kupasua takataka."

Idwal, 61, ameezeka nyumba za mji huu tangu alipoacha shule. Hulipwa pauni mia na themanini kwa siku, na mvua ikinyesha hakuna siku. Goti lake la kushoto limekwisha kwa ngazi. Leo lakini hata goti halitaji.

Vigae hivi vya mawe vilipasuliwa na marehemu Gwilym, mumewe Meinir, aliyekuwa mpasua mawe machimboni. Mwaka waliooana alivichagua kwa mkono wake, na wenzake wakaja Jumamosi kumsaidia kuezeka. Sasa paa linavuja. Chumba cha kulala kina ndoo mbili, na Elfed, mtoto wao anayekaa Cardiff, anataka vigae vyote vitupwe, viwekwe vya Hispania ambavyo ni rahisi. Mama yake anataka hivi hivi virudishwe kwa misumari ya shaba. Idwal ameitwa aamue.

Anashuka, anazunguka nyuma ya nyumba nami nikimfuata, na hapo uso wake unabadilika. Upande wa nyuma paa ni jeusi tii. Limepakwa lami juu ya kitambaa, kuanzia juu mpaka kwenye mfereji wa maji.

"Kazi yangu hiyo," ananiambia.

Miaka kumi na mitano iliyopita misumari ilianza kukatika. Dawa yake ilijulikana: kuezua, kupanga vigae chini, kuvipigilia upya. Gwilym, ambaye vumbi la machimbo lilikuwa limeshamla mapafu, hakutaka hata kusikia.

"Aliniambia, 'Idwal, ukivishusha vigae vyangu vikae barabarani, mtaa mzima utasema kazi ya Gwilym imekufa. Paka lami huko nyuma. Nani ataona?'"

Hapa kwetu mtu wa machimbo yuko radhi anyeshewe kitandani kuliko majirani wasimame mlangoni pake wakiangalia vigae vyake chini. Ni upumbavu, sikatai, ila ni upumbavu wetu, na wajomba zangu wamekufa nao.

"Nilijua lami ikishika kigae haikiachii," anasema Idwal. "Nilipaswa kukataa. Nikabeba ndoo, nikapanda. Yeye amekaa pale kwenye kiti, ananitania eti napaka mkate siagi."

Meinir ametufuata huku nyuma, na anataka kuona kwa macho yake. Idwal anaegemeza ngazi, anapitisha chuma chake chembamba chini ya kigae cha kwanza na kuvuta. Kinakatika vipande viwili. Cha pili, vitatu.

"Jaribu cha pembeni," anasema Meinir. "Taratibu, mwanangu."

"Siwezi taratibu zaidi ya hapa, mama."

Cha pembeni nacho kinavunjika. Meinir anaokota kipande, anakwangua lami kwa ukucha mpaka rangi ya jiwe inatokea kidogo.

"Yaani wewe na yule mzee mkaidi mmenimalizia nusu ya paa."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nitakusamehe ukishaezeka. Ingia unywe chai."

Jikoni kuna mkate wa zabibu uliopakwa siagi nene. Idwal hali. Anaeleza uamuzi wake akitazama meza: vya mbele atavitoa na kuvirudisha kwa misumari mipya, nyuma ataweka vya Hispania. Barabarani hakuna atakayejua, na ndivyo Gwilym mwenyewe angetaka.

Meinir anaweka birika chini.

"Hapana. Vya Gwilym vilivyobaki vihamishie nyuma. Hao Wahispania wakae mbele."

"Mbele? Nyumba ya mpasua mawe, mama? Watu watasema!"

"Waseme mpaka wachoke. Nyuma ndiko ninakolala."

Idwal anafungua mdomo, kisha anafuta macho kwa mkono ule ule wenye lami. Hakuna aliyemcheka, na mimi pia nilikuwa nimeinamia kikombe changu.

Anapanga kuanza baada ya Pasaka, mvua ikimruhusu. Hajawahi kuweka kigae cha kigeni kikitazama mtaa huu, na anajua baani watamtania mwaka mzima. Vya Gwilym atavitoa peke yake, bila kumpa mtu mwingine chuma. Vingine vitavunjika tu, haiwezekani vyote vipone.

"Vikipungua, vipungue pembeni," anasema akikunja ngazi. "Juu ya kitanda cha Bi Meinir siweki hata kimoja cha kununua."