Bimdogo Hawezi

Bimdogo wa mji wa Ibra, Omani, hagombani na watu, hugombana na vitu. Kwanza blenda, na sasa simu. Simu hiyo alipelekewa kwa posta na mjukuu wake Yaqeen, anayefanya kazi benki kule Nizwa, na ndani yake mna daktari. Si mtu, ni roboti, lakini inasema Kiswahili kwa adabu. Kila asubuhi inamuuliza bibi ameamkaje, kisha inampelekea Yaqeen habari.

Mwanzo walipatana vizuri. Bimdogo akiuliza habari za presha, roboti inamjibu palepale, akirudia swali hainuni. "Huyu ana subira kuliko wanangu," akawaambia majirani.

Hata siku moja akaamka ana homa, kifua kimembana.

"Unaendeleaje leo, Bimdogo?" roboti ikauliza.

"Leo siwezi, mwanangu," akasema, akangoja. Watu waliolelewa Unguja ya zamani ndivyo walivyo: mgonjwa husema hawezi, mwenzake humwambia pole, una nini, ndipo anapoyashusha maradhi yake yote. Huanzi tu kummwagia mtu makohozi yako!

"Hakuna shida," roboti ikajibu. "Tutazungumza kesho."

Ala! Bimdogo hakuamini masikio yake. Kesho yake akasema, "Siwezi kabisa." Roboti ikamtakia siku njema.

"Siku njema! Huna haya!" Akaitupia mto.

Adhuhuri Yaqeen akapiga simu, keshakasirika.

"Shikamoo, Bibi. Daktari kaniandikia hutaki kujibu. Mbona unakataa?"

"Marahaba. Nani kakataa? Kila siku namwambia siwezi!"

"Ndiyo hiyo. Kwa nini huwezi? Maswali rahisi, wallahi."

"Kwa nini siwezi? Muulize Mola, mie nitajuaje?"

"Sasa huwezi nini, Bibi?"

"Siwezi nini? Toba! Siwezi! Mgonjwa! Mariidha!" Kikohozi kikamshika, asiweze kumaliza matusi yake.

Yaqeen akaacha kazi na kuja Ibra mbio, akamchukua bibi yake hospitali. Daktari, wa nyama na damu huyu, akamsikiliza kifua, akasema ni homa ya mapafu na lazima alazwe. Wangechelewa zaidi, ingekuwa habari nyingine.

Bimdogo alipotundikiwa dripu na kupata nguvu kidogo, akaanza kuisema ile roboti: haikufunzwa, haina wakubwa, haijui hata kutoa pole. Alitaka mjukuu wake acheke. Yaqeen hakucheka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kamshika bibi mguu juu ya shuka.

"Bibi, ile Idi niliyokuita Nizwa. Ulisema huwezi."

"Nilikuwa siwezi."

"Mi nikakasirika. Nikasema basi, bibi hanitaki. Sikuja kwako miezi mingi."

Bimdogo akamtazama, hasira zote zimemtoka.

"Nilidhani umesikia kama naumwa," akasema. "Nikawa nakungoja uje unitazame."