Kichwa cha Sangara cha Okech

Krismasi ya mwaka tisini na tano Agutu hakwenda kanisani, na watu wa Kirumba walishangaa. Mjane huyo hakuwa amekosa ibada tangu ahame Shirati. Lakini Okech, mwanawe wa pekee, aliyekuwa Uholanzi mwaka wa saba sasa, alikuwa ameandika kwamba siku hiyo atapiga simu dukani kwa Mwanabaraka, aseme kama anarudi nyumbani.

Jikoni aliacha kichwa cha sangara juu ya makaa machache. Minofu ilikuwa ya kiwanda, ipande ndege kwenda Ulaya. Wenye ziwa walinunua vichwa na mifupa. Hata hivyo kwa Agutu kichwa ni kichwa. Tangu mumewe afe, kichwa cha samaki wa sikukuu kilikuwa cha Okech, mwanamume wa nyumba. Na tangu Okech aondoke, kila Krismasi alikipakua kwenye sahani ya bluu, akakifunika, na jua likizama akampa jirani. Yeye hakuwahi kukigusa.

"Shikamoo, Mama Okech. Karibu pilau," akasema Mwanabaraka alipomwona mlangoni mwa duka.

"Marahaba. Sikuja kula, Mwanabaraka. Nimefuata simu."

"Kwani simu inakataa mtu aliyeshiba?"

"Pakua yako ule, niache."

Akakaa juu ya gunia la sukari mpaka saa tisa. Simu ikalia.

"Mama! Krismasi njema! Huku theluji mpaka magotini. Tuko mezani na wakwe, na unajua tunakula nini? Sangara! Wa ziwa letu!"

"Kichwa amekula nani?"

Okech akacheka. "Huku hawaji na kichwa, Mama. Ni nyama tupu, nyeupe."

"Kichwa chako kipo hapa. Unarudi lini?"

Nyuma ya Okech watoto wake walikuwa wakiimba kwa lugha asiyoijua bibi yao.

"Mama... tumenunua nyumba huku."

"Hongera," akasema Agutu, akaiweka simu.

"Anakuja?" akauliza Mwanabaraka.

"Ameshakula."

Nyumbani akakipakua kichwa kwenye sahani ya bluu. Safari hii hakukifunika. Akavuta kigoda, akaanza na shavu, akaja kwenye jicho, akanyonya mifupa mmoja mmoja. Kilikuwa kitamu, na utamu wenyewe ukamkasirisha: miaka yote hii amewapa majirani kitu kama hiki!

Kisha akaiosha ile sahani, akaitia kabatini, chini kabisa ya zile za kila siku.