Karani Anayefuta Majina

Karani wa masijala, ambaye meza yake inatazamana na yangu katika ofisi moja hapa Lushoto, kazi yake ni kufuta majina ya watu kwenye hukumu za mashamba kabla nakala hazijatolewa. Hufuta kwa kalamu nene ya wino mweusi, akifuatisha rula, kisha huinua karatasi dirishani kuona kama kuna jina linalosomeka bado. Tangu nimfahamu, vidole vyake viwili havijawahi kutakata. Juzi Bi Efrazia alikuja kutoka kijijini Kwai kuchukua hukumu ya shamba lake, aliyoingoja miaka mitatu. Karani alisimama, akamwamkia shikamoo, akampa karatasi nyeusi tii. Yalibaki maneno “dhidi ya” na tarehe.

“Hata jina langu umelifuta?”

“Ndiyo, mama. Tunakulinda.”

“Mnanilinda na nani?”

“Na yeyote atakayeisoma.”

“Atakayeisoma ni mimi.”

Karani aliichukua tena karatasi, akaiinua dirishani.

“Basi niambie tu, mwanangu. Nimeshinda au nimeshindwa?”

“Hiyo nayo ni siri, mama.” Akaufunika mdomo wa kalamu taratibu, akachungulia mlangoni, akashusha sauti. “Ila mvua zimekaribia. Ingekuwa mimi, kesho ningepanda viazi.”