Futikamba na Pipa la Maji ya Mtama

Wateja wake walimwita Futikamba, maana hata chumvi ya mboga aliipima. Alishona nguo miaka thelathini huku akilima shamba aliloachiwa na marehemu baba yake, mpaka mgongo ukagoma. Kupalilia kukawa adhabu. Ndipo kaka yake mkubwa akakata shauri: magugu yakimshinda tena msimu huu, shamba linakodishwa.

Futikamba hakununa. Alishagundua kwamba pale anapolundika mabua ya mtama, magugu hayathubutu kuota, ila mahindi huota tu. Basi akayakatakata, kila kipande vidole vitatu, akayaloweka kwenye pipa siku nzima na usiku wake, akayachuja kwa kitambaa cha bitana. Alipomaliza tu kupanda mahindi, akanyunyizia shamba lote.

Siku ya kumi na mbili kaka akaja kukagua. Mahindi yalikuwa yameota, na katikati ya mistari palikuwa peupe.

"Mvua haijakolea, dada," akasema. "Usijidanganye na maji ya mabua."

Angethibitisha vipi, naye hakubakiza hata kipande kimoja cha shamba bila kunyunyizia, cha kulinganishia? Yeye, wa kusahau kipimo!

"Mke wangu! Njoo uone balaa!"

Alikuwa mumewe, mlinzi mstaafu, amechutama uani kando ya kitalu chake cha nyanya. Nusu moja ilijaa miche na magugu yakisukumana. Nusu ya pili ilikuwa tupu, hata unyasi hakuna.

"Siku ile niliposia mbegu, maji ya bomba yalikatika nikiwa nusu," mume akajitetea, "nikamalizia na yale ya pipa. Nilidhani mbolea!"

Futikamba akapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Akakizunguka kitalu akicheza na mgongo wake ule ule uliogoma, kisha akachomoa futi shingoni na kuinyoosha pale katikati.

"Udongo mmoja! Siku moja! Mtu mmoja! Haya kaka, mvua imeruka nusu hii?"

Kaka akatazama huku, akatazama kule, cheko likamponyoka. "Nimekubali, dada. Lima shamba lako." Akasogea karibu. "Pipani kumebaki chochote?"

"Na nyanya zangu je?" mume akauliza.

"Nitakupandia upya, mume wangu, na kumwagilia nitamwagilia mwenyewe!"

Akaketi chini kando ya kitalu, akacheka hadi machozi yakamtoka, maana shamba la baba lilikuwa bado lake.