Jescah wa Zahanati Mbili

Siku Chrispinus alipomwona Jescah kwa mara ya kwanza, Jescah alikuwa amesimama ndani ya kijito, maji yamemfika magotini, akichota mchanga kwa karai. Zahanati ilikuwa inajengwa ng'ambo kwa michango ya watu wa pande zote mbili. Chrispinus alikuwa ameleta matofali aliyoyachoma mwenyewe. Jescah alikuwa ameolewa juzijuzi na binamu wa Chrispinus, na aibu ya bibi harusi hakuwa nayo hata chembe.

"Wewe wa matofali!" akamwita mbele ya wanawake wote. "Ulimi unao, ama uliuchoma kwa tanuri?"

Wanawake wakaangua kicheko. Chrispinus akainamisha kichwa, akaendelea kupanga matofali yake. Tangu siku hiyo Jescah akawa anamwita shemeji, naye akawa anamwita Mama Weldon baada ya kifungua mimba kuzaliwa. Mazungumzo yao yakaenda hivyo miaka yote: mmoja anasema, mwingine anasikiliza.

Wakati huo kijito kilikuwa maji tu. Mtu wa huku akiumwa alivuka, akatibiwa, akarudi. Jescah alijifungua watoto wake wote ng'ambo. Hata baada ya kufiwa na mume, alipoanza kushikwa na kizunguzungu shambani, ni muuguzi Cherop wa zahanati ile ile aliyempima, akamwambia ni presha na kwamba dawa zake si za kuachwa. Basi kila mwezi alivuka, akarudi na vidonge vimefungwa kwenye pindo la leso. Alimeza, akalima, akasema na kila mpita njia.

Kisha ukaja ugatuzi, serikali ikagawia kaunti madaraka, na kijito kikawa mpaka wa kaunti. Watu wa huku, upande wa Malava, wakaambiwa afya sasa ni mali yao wenyewe. Na kweli, zahanati ikajengwa kilimani, karibu kabisa na kwa Jescah. Siku ya kuifungua, wakubwa wakiwa wamekaa kwenye kivuli cha hema, alicheza ngoma ya isukuti mpaka kitambaa kikamtoka kichwani.

"Shemeji," akasema akihema, "sasa nitakuwa natoka kitandani naingia kwa daktari bila hata viatu!"

Alikwenda. Akamkuta kijana mmoja mpole, muuguzi, na mashine ya kupimia presha. Akapimwa, iko juu. Dawa? Hazijaletwa. Mwezi uliofuata ukawa vivyo hivyo. Safari nyingine akakuta kufuli mlangoni: mishahara imechelewa, wauguzi wamegoma. Jescah akageuka, akaamua kurudi kwa Cherop.

Chrispinus alimsindikiza, kwa sababu kizunguzungu kilikuwa kimerudi na daraja la kijito ni gogo tu. Cherop alimkalisha Jescah vizuri kwenye benchi, lakini hakumtazama usoni.

"Mama, nimekatazwa. Dawa hizi ni za watu wa kaunti yetu. Wakaguzi wakija wanauliza kila mgonjwa ametoka kijiji gani."

"Na mimi natoka wapi, Cherop? Si wewe ulinizalisha kitinda mimba?"

"Najua, mama."

"Mchanga wa ukuta huu niliubeba nikiwa na mimba."

"Najua. Lakini yenu imejengwa. Hata rangi yenu ni nzuri kuliko yetu."

Jescah akamgeukia Chrispinus. "Shemeji, leo tu, sema kitu."

Chrispinus akakohoa. "Muuguzi," akasema, "hata kama ni za wiki moja."

Cherop akatoa mkoba wake chini ya meza, akamfumbatisha Jescah vidonge. "Hivi ni vya mama yangu mzazi. Tafadhali msirudi. Nitafutwa kazi."

Jescah alivikata vidonge vile kwa kisu cha mboga, akawa anameza nusu nusu mpaka vikaisha. Duka la dawa lilikuwepo Malava, lakini mkono wake haukufikia bei zake. Weldon alikuwa mjini Kakamega akisukuma mkokoteni, na alichopata kiliishia Kakamega.

Mgomo ulipokwisha, Chrispinus alipanda kilimani peke yake kuulizia. Yule kijana akamwambia dawa bado. "Lakini mlete mama, tumpime."

Akashuka mbio kumpelekea habari hiyo, maana hakuwa na nyingine. Alimkuta Jescah ameketi kwenye kizingiti cha nyumba. Mkono wake wa kushoto ulilala mapajani kama mkono wa mtu mwingine, na mdomo ulikuwa umevutwa upande. Chrispinus akamwambia anamwitia boda sasa hivi, ampeleke hospitali ya misheni Mukumu, au angalau hapo juu akapimwe.

Kesho yake asubuhi Lazarus, jirani wa ua kwa ua, ndiye aliyekuja kumwita Chrispinus, na mwili wa Jescah ulikuwa umekwisha kupoa. Kwa hiyo maneno aliyomwachia ni yale ya jana yake pale kizingitini, aliyoyatoa polepole, ulimi ukimwia mzito:

"Mukumu wataniuliza pesa, shemeji. Na hawa wetu wanapimanga tu. Sitaki kuambiwa tena iko juu. Hata mimi najua iko juu. Wewe rudishia hilo lango ukitoka, ng'ombe wa Lazarus wasiniingilie kwa sukuma wiki."