Jiko la Chini la Bi Umi

Umi binti Athman hakuwahi kuweza kungoja kitu. Watoto aliwanyonyesha huku akichambua mchele, na siku ya arusi yake, kama wanavyosimulia wanawake wa mtaa wa Mkomani, mjini Amu, alishuka kitandani kwenda kuangalia kama wageni wamepata kahawa. Mtu wa namna hiyo uzee ulimwonea tu. Ulimwanzia magotini.

Nyumba yake ya mawe ilikuwa na jiko juu kabisa, darini, kama kawaida ya nyumba za Amu, ili moshi utoke bila kuudhi watu. Ngazi za kufikia huko ni nyembamba na zimesimama wima. Mwanawe Ridhwani, karani huko Mombasa, alisikia habari za magoti, akatuma salamu kwamba Ijumaa anakuja kumchukua wakakae pamoja, maana mtu asiyefika jikoni kwake haachwi peke yake. Umi alizaliwa katika nyumba ile, na alitaka atolewe humo kwa jeneza tu.

Chini, kwenye ghala, palikuwa na meko ya zamani yaliyochimbwa ukutani, hayajawashwa tangu enzi za bibi yake. Umi akapata jiko la chuma kwa mzungu mmoja wa Ras Kitau aliyekuwa akifunga virago, akamwita Gharib, mwashi, alitie humo mekoni, alijengee sakafu, apake kuta zake, na bomba la moshi lipite kwenye tundu la dirisha.

Gharib alikuwa mtu wa polepole, jambo lililomkera Umi tangu asubuhi. "Hapa penye moto ntatia udongo wa kichuguu, hauogopi moto, Bi Umi," alisema.

"Udongo? Kupika huku tini ghalani nimekubali. Lakini mtu akiya aone meko ya udongo kwangu, aseme nimekuwa wa shamba? Tia tokaa, uisugue ing'ae kama ya kule yuu."

"Tokaa mbichi na moto havipatani. Tokaa hutaka mwezi mzima kukauka."

"Mwezi ntaupata wapi, na Ridhwani yuwaya Ijumaa? Tia, Bwana Gharib."

Akatia, shingo upande. Alipoondoka alimsihi asiwashe moto bado. Umi aliitikia huku mawazo yakiwa kwingine, na kutwa alikuwa akienda kuigusa ile chokaa, mpaka ukuta ukajaa alama za vidole.

Ijumaa, watu wakiwa msikitini, akawasha. Ridhwani, aliyewasili asubuhi, alirudi kutoka kusali akamkuta mama yake amesimama mbele ya wali wa nazi, furaha imemjaa.

"Waona? Sina haja na ngazi mimi."

Chokaa ikaanza kutoa mvuke, ukuta ukapasuka kwa kishindo, na kipande kizima kikabanduka kikatumbukia kwenye sufuria. Kingine kikafuata. Hakuna mtu wa Amu asiyejua tabia ya chokaa mbichi, na Umi alijua vizuri. Haraka na majivuno vilimfumba macho.

Ridhwani akautazama wali. "Mama, tufunge mizigo tu."

Kwa hasira Umi alichota bakuli la mchele, akaelekea kwenye ngazi za jiko la juu, amesahau kabisa kwamba anatazamwa. Akainama, akaweka bakuli kidato cha kwanza, akatambaa kulifuata, miguu akiiburura nyuma. Akalisogeza kidato cha pili, akatambaa tena. Katikati ya ngazi akakumbuka. Aibu ikamshika, akaketi pale pale.

"Tangu lini?" Ridhwani aliuliza.

"Tangu Ramadhani."

"Kila siku?"

"Nile nini nisipopanda?"

Ridhwani aliufunika uso kwa kofia yake, kisha akatoka nje. Umi alijua amekwenda kutafuta chombo cha kuwapeleka Mombasa. Hasira ilimwisha, ikabaki hofu tupu, naye hakuthubutu hata kushuka.

Kumbe Ridhwani alirudi na Gharib na vikapu vya udongo wa kichuguu. Karani wa watu akavua kanzu, akafunga kikoi, akauingia udongo kwa miguu na kuukanda mpaka ukamrukia usoni. Walipomaliza, akamwapisha mama yake mambo mawili: hatapanda ngazi tena, wala hatawasha jiko mpaka Gharib aseme. Hadi hapo Tima wa jirani atamletea chakula. Umi akaapa yote mawili, na la pili lilimwuma zaidi.

Ridhwani aliahirisha safari hadi moto mdogo wa kwanza ulipowashwa na udongo ukashika. Siku ya kuondoka, Umi alimsindikiza mpaka mlangoni, akamwombea dua, akaufunga mlango kabla mwanawe hajafika kwenye kona. Mtaani wakacheka kwamba Bi Umi hata kuagana ana haraka. Hawakujua alivyoegemea ule mlango kwa ndani, akiogopa kwamba akiendelea kuutazama mgongo wa mwanawe atamwita na kumwambia, ningoje, nami nakuya.